TheStreet.com: habari za hisa, na swali la nani alipe

Tarehe 11 Mei 1999 hisa za kampuni ya habari iitwayo TheStreet.com ziliingia kwa mara ya kwanza kwenye soko la Nasdaq, Marekani. Bei iliyopangwa na benki kabla ya siku hiyo ilikuwa dola 19. Biashara ya kwanza iliyofanyika sokoni ilikuwa kwa dola 63. Katika saa zilizofuata bei ikagusa dola 71.25, kisha ikafunga siku kwenye 60. Kampuni yenyewe ilikuwa haijatimiza miaka mitatu tangu izindue tovuti yake, haijawahi kuonja faida, na ilichokuwa ikiuza ni makala: nani anapanda, nani anashuka, na kwa nini. Kwa bei ile ya kufunga, soko lilikuwa limeipa thamani ya zaidi ya dola bilioni moja.

Agosti 2019, miaka 20 baadaye, tovuti hiyohiyo iliuzwa kwa dola milioni 16.5.

Wengi wakisimulia kisa hiki hukifunga kwa neno moja: povu. Intaneti ilikuwa mpya, watu wakapagawa, povu likapasuka, mchezo ukaisha. Ni kweli, lakini povu linaeleza bei ya siku moja tu. Halielezi miaka 20. TheStreet.com haikufa mwaka 2000 kama wenzake wengi. Iliishi, ikapata wasomaji, ikapata hata faida kwa kipindi, ikabadilisha wakurugenzi wakuu mara kadhaa, na bado kila baada ya miaka michache ikajikuta pale pale, ikiulizwa: nani hasa anayelipia habari za fedha, na analipia kitu gani?

Tuanze na zile dola 19 na 63, maana hapo ndipo wengi huchanganyikiwa.

Kampuni inapouza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, haiuzi yenyewe sokoni. Inaipa benki kazi hiyo, kwa TheStreet.com msimamizi mkuu alikuwa Goldman Sachs. Benki inazunguka kwa wawekezaji wakubwa, inapima hamu yao, inapanga bei, kisha inawagawia hisa kwa bei hiyo. Hisa milioni 5.5 ziliuzwa kwa dola 19, jumla yake dola milioni 104.5. Hiyo ndiyo fedha iliyotokana na mauzo yale, na kampuni ilipata hiyo, ukitoa ada za benki. Tofauti kati ya 19 na 63 haikuingia kwenye akaunti ya TheStreet.com hata senti. Iliingia mifukoni mwa waliogawiwa hisa asubuhi na kuziuza mchana wake.

Na waliokuja kuzinunua kwa 63 ni akina nani? Sehemu kubwa ni watu wa kawaida waliokuwa na akaunti kwa madalali wa mtandaoni. Hapa kuna kiini cha mambo. Ukimtumia dalali agizo la kununua, una njia mbili. Unaweza kuandika ukomo: nipe hisa mia, lakini usivuke dola 25. Au unaweza kuandika tu: nipe hisa mia kwa bei ya soko. Agizo la pili maana yake ni bei yoyote itakayokuwepo. Siku ya kwanza ya hisa inayotamaniwa na kila mtu, maagizo ya namna hiyo hulundikana usiku kucha, na anayefungua biashara asubuhi anaona wanunuzi chungu nzima ambao hawakutaja kikomo, mbele ya wauzaji wachache. Bei inarukia juu hadi wauzaji wajitokeze. Mtu aliyebonyeza usiku akidhani atalipa kati ya dola 20 na 30 alikuta asubuhi amelipa mara mbili ya hapo. Ni vigumu kuamini kwamba hawakuwamo wasomaji wa TheStreet.com wenyewe, waliokuwa wakilipa kila mwezi ili wafundishwe mambo kama hayo.

Wakenya waliopanga foleni kununua hisa za Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5 wanaujua mdundo huo, ingawa wao angalau walinunua kwa bei iliyotangazwa. Siku ya kwanza sokoni ilipita shilingi 7. Kabla ya mwaka kuisha ilikuwa chini ya 5.

Aliyekuwa nyuma ya TheStreet.com ni James Cramer, mzaliwa wa Pennsylvania, mwaka 1955. Alikuwa mwandishi wa habari kijana, kisha akasomea sheria Harvard, na huko huko akawa amenogewa na hisa kiasi kwamba kwenye mashine yake ya kupokea simu, badala ya kusema tu kwamba hayupo, aliacha ujumbe wa hisa anayoipenda wiki hiyo. Martin Peretz, mhadhiri pale Harvard na mmiliki wa jarida la siasa la The New Republic, alikuwa akimpigia kwa shughuli nyingine. Akasikiliza zile dondoo, akazifuata, zikamlipa. Mwishowe akamkabidhi Cramer dola 500,000 amzungushie. Cramer akapitia Goldman Sachs kuanzia 1984, na mwaka 1987 akafungua mfuko wake wa uwekezaji, aina ile inayochukua fedha za matajiri wachache na kununua na kuuza kwa kasi. Mwaka 1996 yeye na Peretz wakaanzisha tovuti.

Nimelileta suala la mashine ya simu kwa sababu mkanganyiko wote uliokuja baadaye umo ndani yake. Mtu anatoa dondoo bure, dondoo inamletea mteja, mteja analeta fedha, na mtoa dondoo mwenyewe ana hisa zilezile anazozisifu. Je, huyo ni mwandishi au mfanyabiashara?

Mwaka 1996 ulikuwa mzuri kuuliza swali hilo, kwa kuwa ukuta kati ya wakubwa na wadogo ulikuwa unabomoka. Kabla ya hapo, mtu wa kawaida Marekani alizijua bei za hisa zake kwa kusoma gazeti la asubuhi: safu za maandishi madogo zenye bei za kufunga za jana. Wakubwa walikuwa na mashine ya Bloomberg mezani, iliyogharimu zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi, na habari ziliwafikia palepale zilipotokea. Ripoti za hesabu za makampuni zilikuwa karatasi za kufuatilia kwa barua au kwa kulipa wakala. Mwaka huo wa 1996 ndipo makampuni yote ya Marekani yaliyoorodheshwa yalipolazimika kuwasilisha ripoti zao kielektroniki kwa tume ya masoko ya mitaji, SEC, na yeyote mwenye modemu akaweza kuzisoma bure. Madalali wa mtandaoni nao wakashusha ada. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa shule huko Ohio angeweza kununua na kuuza hisa mara tatu kwa siku akiwa jikoni kwake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia zile tarakimu zina maana gani.

TheStreet.com ilikuja kuziba pengo hilo. Wahariri na waandishi walitoka kwenye magazeti yanayoheshimika. Mhariri mkuu, Dave Kansas, alitoka Wall Street Journal. Lakini lugha haikuwa ya Journal. Ilikuwa ya kelele, ya haraka, yenye hasira na vichekesho, na Cramer mwenyewe aliandika makala kadhaa kwa siku moja huku akiwa anaendesha mfuko wake. Soko likishuka saa nne asubuhi, saa nne na robo alikuwa ameshaandika alichokifanya na kwa nini anajuta. Hakuna gazeti lililokuwa na kitu kama hicho. Na ada ilikuwa dola 9.95 kwa mwezi.

Ada hiyo ndiyo iliyowashangaza watu. Intaneti ya wakati ule ilikuwa na imani moja: habari ni bure, matangazo yatalipa. Wall Street Journal ilithubutu kutoza mwaka huohuo, lakini ilikuwa na jina la zaidi ya karne. TheStreet.com ilithubutu bila jina.

Hapa inafaa tusimame tuangalie bidhaa yenyewe, kwa kuwa "habari za fedha" ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja. Kuna tarakimu: bei, riba, faida ya robo mwaka. Kuna tukio: kampuni fulani imenunua nyingine, mkurugenzi amejiuzulu. Na kuna tafsiri: kwamba tukio hili ni baya kuliko linavyoonekana, kwamba tarakimu ile imepakwa rangi. Intaneti ilizishughulikia hizo tatu kwa namna tofauti kabisa. Tarakimu ilizifanya bure. Yahoo na wengine walitoa bei za hisa, zikiwa zimechelewa kwa dakika 15 au 20, bila kumtoza mtu. Tukio lilibaki na thamani, lakini kwa muda mfupi mno; linaharibika kama samaki wa Feri aliyekosa barafu. Ukilipata dakika ya kwanza ni mali, dakika ya kumi kila mtu analo. Anayeweza kulipia dakika ile ya kwanza ni yule mwenye mamilioni ya kuhamisha, naye tayari ana Bloomberg. Kwa hiyo kilichobaki cha kumuuzia mtu wa jikoni Ohio ni tafsiri.

Tafsiri haiharibiki haraka. Ina mwenyewe, haiigwi kirahisi, na msomaji akimzoea mwandishi anarudi kesho. Lakini ina kasoro moja: tafsiri bora za soko ziko vichwani mwa watu wanaocheza sokoni, na watu hao wana maslahi.

Cramer alishaonja hilo kabla ya tovuti. Mwaka 1995, katika jarida la SmartMoney, aliandika makala akizisifu hisa za kampuni kadhaa ndogo ambazo mfuko wake ulikuwa unazimiliki. Kampuni ikiwa ndogo, hisa zake sokoni ni chache, na wanunuzi wachache wakiamka na jarida mkononi bei hupaa. Zilipaa. SEC ikafanya uchunguzi, na haikumfungulia mashtaka. Cramer alisema siku zote kwamba jarida lilijua anazimiliki. Kilichokosekana ni msomaji kuambiwa.

Kwenye TheStreet.com walijaribu kulitatua kwa kanuni mbili zilizoishi pamoja kwa shida. Wahariri na waandishi walioajiriwa walikatazwa kumiliki hisa za kampuni mojamoja. Waandishi wa nje, yaani wafanyabiashara wa soko wenyewe, waliruhusiwa, ila wataje. Ndiyo maana chini ya makala za Cramer kulikuwa na mstari mdogo unaosema kwamba wakati makala inachapishwa, mfuko wake ulikuwa na hisa za kampuni fulani na fulani, na kwamba msimamo huo unaweza kubadilika wakati wowote.

Usome tena huo mwisho: unaweza kubadilika wakati wowote. Mstari huo ni mkweli. Unamwambia msomaji kila kitu, isipokuwa kile anachohitaji: je, sasa hivi, wakati mimi nasoma, bado anazo au ameshaniuzia? Mimi naona hii ilikuwa hatua kubwa mbele kuliko magazeti mengi ya wakati ule, ambayo hayakutaja chochote. Lakini kutaja maslahi hakuyaondoi. Kunamhamishia msomaji mzigo wa kuyapima, na msomaji wa saa nne na robo, mkono juu ya kitufe cha kununua, hana muda huo.

Fedha zilimiminika. Februari 1999 kampuni ya New York Times ilinunua sehemu ya umiliki kwa thamani ya dola milioni 15. News Corporation ya Rupert Murdoch nayo ikaingia, kukawa na kipindi kwenye Fox News. Mapema mwaka huohuo, tarehe 15 Januari, mpinzani wao MarketWatch alikuwa ameingia sokoni kwa dola 17 na kufunga siku hiyo kwenye 97.50. MarketWatch ilikuwa bure kwa kila mtu, ikitegemea matangazo na jina la televisheni ya CBS. Kwa hiyo mwaka 1999 kulikuwa na majaribio mawili yakienda sambamba, mmoja akitoza, mwingine akigawa, na soko liliwashangilia wote wawili kwa nguvu ileile. Hilo lingetosha kumshtua mtu.

Katikati ya mwaka 2000 TheStreet.com ilisalimu amri nusu. Sehemu kubwa ya tovuti ikafanywa bure ili ivute wasomaji na matangazo, na makala za wafanyabiashara wa soko zikahamishiwa kwenye huduma mpya ya kulipia, RealMoney. Kimantiki ilikuwa sahihi kabisa: tukio likatolewa bure, tafsiri ikauzwa. Tatizo ni wakati. Fahirisi ya Nasdaq, yaani kipimo cha bei za hisa za soko hilo, ilikuwa imefika kileleni, pointi 5,048, tarehe 10 Machi mwaka huohuo. Waliokuwa wakinunua matangazo ya intaneti kwa wingi walikuwa kampuni nyingine za intaneti, zikitumia fedha zilizochangwa kwa wawekezaji. Mfereji ulipokatika, ulikatika kwa wote. Tawi la Uingereza, lililozinduliwa Februari 2000, lilifungwa Novemba, na mfanyakazi mmoja kati ya watano akapunguzwa. Mwaka ulipoisha hisa ilikuwa chini ya dola 5. Nasdaq iliendelea kuteremka hadi 1,114 mwezi Oktoba 2002.

Mwezi Oktoba 2000 kulitokea jambo lingine, ambalo halikupigiwa kelele sana nje ya Wall Street lakini ninaliona zito kuliko kushuka kwa Nasdaq. SEC ilianza kutekeleza kanuni ya kutangaza taarifa kwa usawa. Kabla yake, mkurugenzi wa fedha aliweza kumnong'oneza mchambuzi wa benki kwamba robo hii haitakuwa nzuri, na wateja wa mchambuzi wakauza kabla ya wengine kujua. Kanuni ikasema: ukimwambia mmoja taarifa nzito, waambie wote kwa wakati mmoja. Kwa mwananchi ni haki. Kwa anayeuza habari, ni bomba jingine la ziada lililofungwa, maana pengo kati ya anayejua na asiyejua ndilo duka lake.

Cramer aliachana na mfuko wake wa uwekezaji kuelekea mwaka 2001. Hapo mkanganyiko wa maslahi ulipungua kidogo, na kampuni ikatengeneza bidhaa iliyoibeba kwa miaka mingi: Action Alerts PLUS. Muundo wake unastahili kuangaliwa kwa karibu. Kuna kapu la hisa halisi, fedha halisi, linaloendeshwa na Cramer, lakini faida yake huenda kwa misaada, sio kwake. Mteja analipa ada na anapokea barua pepe kabla kapu halijanunua au kuuza. Yaani ule mstari mdogo chini ya makala, "msimamo unaweza kubadilika wakati wowote", ulipinduliwa ukawa bidhaa. Sasa unalipia kuambiwa msimamo unabadilika kabla haujabadilika. Ni ubunifu wa kweli, na katika historia yote ya tovuti hii sijaona wazo la kibiashara lililokuwa zuri kuliko hilo.

Machi 2005 Cramer akaanza kipindi cha Mad Money kwenye CNBC, televisheni ya habari za fedha, akipiga kelele, akibonyeza vitufe vya milio na kurusha viti. Kila aliyemtazama alijua jina TheStreet.com. Usajili ukapanda, kampuni ikaanza kuona faida. Mwaka huohuo Dow Jones ilikamilisha kuinunua MarketWatch kwa dola milioni 519, na mtu angeweza kusema kumbe waliogawa bure walishinda. Labda. Lakini MarketWatch ilinunuliwa na mtu mwenye Wall Street Journal, aliyehitaji wasomaji wengi wa kuwaonyesha matangazo. Haikuthibitisha kwamba habari za bure zinajilipa zenyewe. Ilithibitisha kwamba zinaweza kumfaa mwenye kitu kingine cha kuuza.

Kutegemea mtu mmoja kuna upande wa pili. Machi 2008 mtazamaji alimwandikia Cramer akiuliza kama atoe fedha zake benki ya Bear Stearns, na akajibiwa kwa ukali kwamba asihangaike, benki ni salama. Siku chache baadaye JPMorgan ilikuwa inainunua kwa dola 2 kwa hisa. Cramer alijitetea kwamba alizungumzia fedha zilizowekwa, sio hisa, na kweli wenye akaunti hawakupoteza. Lakini utetezi wa namna hiyo huhitaji dakika tano, na kipande cha video ni cha sekunde kumi. Kampuni ikaumia pamoja naye.

Kwa upande wa hesabu, walifanya jambo baya zaidi. Mwaka 2007, mikono ikiwa imejaa fedha, walinunua Promotions.com, kampuni ya kuendesha promosheni na bahati nasibu za mtandaoni kwa niaba ya wafanyabiashara wengine. Inahusiana vipi na habari za hisa? Haihusiani. Ikaja kubainika kwamba mapato yaliyoandikwa na tawi hilo mwaka 2008 yalikuwa yamepambwa, TheStreet.com ikalazimika kurekebisha hesabu zake, na Desemba 2012 SEC ikaifungulia kampuni na maofisa watatu wa zamani kesi. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Hapa daftari lilikuwepo, ila limeandikwa kwa matamanio. Na hii ilikuwa kampuni iliyojijengea jina kwa kuwafundisha watu kunusa hesabu zilizopikwa za wengine.

Lakini Novemba ya mwaka huohuo wa 2007 walinunua pia kitu kingine, ambacho hakikuandikwa sana kwa sababu hakina mvuto: RateWatch, ya Fort Atkinson, mji mdogo jimboni Wisconsin. RateWatch inakusanya riba ambazo benki na vyama vya akiba na mikopo vinatoa kwa wenye amana na wakopaji, tawi kwa tawi, nchi nzima, na kuziuza kwa benki nyingine zinazotaka kujua jirani anatoza kiasi gani. Hakuna anayepiga kelele. Hakuna safu ya maoni.

Elisabeth DeMarse alipochukua uongozi mwaka 2012 aliuona mwelekeo huo na kuufuata. Mwaka huohuo wakanunua The Deal, huduma ya habari za kampuni kununuana, inayosomwa na wanasheria na mabenki. Mwaka 2014 wakanunua BoardEx, kanzidata inayoonyesha nani anakaa kwenye bodi gani, alisoma wapi, alifanya kazi na nani. Ukitaka kumfikia mwenyekiti wa kampuni fulani na huna njia, BoardEx itakuonyesha kwamba mshirika wako wa London alikaa naye bodi moja miaka kumi iliyopita.

Angalia anayelipa hapo ni nani. Si mtu wa jikoni. Ni ofisi, na ofisi hailipi kwa hamu. Inalipa kwa bajeti, kila mwaka, na ikishazoeza wafanyakazi wake mfumo fulani inaona uchungu kuuacha. Soko likipanda inalipa, likishuka inalipa. Msomaji wa kawaida wa RealMoney ni kinyume chake: soko likipanda anajisajili, anajiona mtaalamu, likianguka, gharama ya kwanza anayokata ni ada ya mtu aliyemwambia anunue. Biashara ya kumuuzia mwananchi ushauri wa hisa inapanda na kushuka na hisa zenyewe, kwa hiyo huwezi kuitumia kujikinga na soko. Na tarakimu, kile kitu ambacho intaneti ilikifanya bure mwaka 1996, ikarudi kuwa yenye bei kubwa kuliko zote, mradi tu iwe tarakimu ambayo mtu mwingine hajaisumbukia kuikusanya.

David Callaway, aliyewahi kuwa mhariri mkuu wa MarketWatch na wa USA Today, alikabidhiwa usukani mwaka 2016, na chini yake kampuni ikaanza kuuzwa vipande. RateWatch ilikwenda kwa S&P Global mwaka 2018 kwa dola milioni 33.5. The Deal na BoardEx zikaenda kwa Euromoney ya London mapema 2019 kwa dola milioni 87.3. Kikabaki kile ambacho kila mtu alikijua kwa jina: tovuti ya habari, RealMoney, Action Alerts PLUS, na Cramer. Hicho ndicho kilichouzwa Agosti 2019 kwa kampuni ya Maven ya Seattle kwa dola milioni 16.5. Ukijumlisha, kanzidata na huduma za ofisini zilileta dola milioni 120.8. Habari zenyewe, pamoja na mtu maarufu kuliko wote kwenye televisheni ya fedha Marekani, zilileta chini ya moja ya saba ya hapo.

Maven ilibadilisha jina mwaka 2021 ikawa The Arena Group. Mwaka huohuo Cramer aliondoka, akahamia CNBC kuanzisha klabu ya wawekezaji, na kapu la misaada akaondoka nalo. Wanachama wanalipa ada, wanapokea barua pepe, na kapu linasubiri kabla ya kununua. TheStreet bado ipo hewani. Makala zake nyingi unazisoma bure, katikati ya matangazo.